Bolti Moja, Wiki Tatu

Wiki ya tatu hii nagombana na bolti. Si jirani, si mwenye duka anayenidai. Bolti! Ya bawaba ya mlango wa Land Rover, kichwa chake kidogo kuliko kizibo cha soda.

Gari nimeachiwa na baba mkubwa. Series III, enzi zake lilikuwa likishusha korosho kutoka Newala, sasa limekaa chini ya mwembe hapa Shangani, Mtwara, linapigwa na upepo wa bahari usiku na mchana. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Kweli kabisa, bodi haishiki. Ila bolti ni chuma, na chuma kikikumbatiana na alumini, chumvi ikapita katikati, unatoka unga mweupe kama wa muhogo, na ndoa hiyo hata kadhi haivunji. Huko ndani kwenye chuma kwa chuma ndiyo balaa zaidi. Kutu ina roho ya ajabu: inakula chuma, halafu inanenepa kuliko chuma ilichokula. Ndiyo maana inabana.

Kosa la kwanza ni langu, nakiri. Nilichukua spana ya 13. Ikaingia, inacheza kidogo tu. Nikajitupa nayo. Krrr! Kumbe Waingereza walikuwa wanapima kwa inchi: kichwa kile ni nusu inchi, milimita 12.7. Hako kanafasi kalikobaki ndiko kalikokula pembe zote sita. Bolti ikabaki duara kama kitumbua.

Na hapa mtaani huwezi kuinama ukaachwa uiname kwa amani. Kijana wa bodaboda akasimama: "Mzee, mwagia soda nyeusi." Nikamwagia. Walionufaika ni sisimizi. Akapita mzee mmoja anatoka msikitini, akasema nilaze dizeli usiku kucha, nigonge kichwa kwa nyundo taratibu, halafu nikaze kwanza kabla ya kulegeza.

"Nikaze, shekhe? Mimi nataka itoke!"

"Kaza kidogo. Ishtue."

Nikajisemea, huyu uzee umemwingia vibaya. Wa tatu akaniambia nichanganye oili ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni nitaitoa wapi mimi? Nikakumbuka kichupa cha mke wangu cha kufutia rangi ya kucha. Dawa ilipenya kweli, nikaona povu la kutu linatoka pembeni. Ila bolti ilikwisha kuwa kitumbua, nitaishika wapi? Tena nyumbani nikafungua kesi ya pili.

Nikamwita fundi wa kuchomelea. Siku ya kwanza umeme umekatika. Ya pili, umekatika. Nikamwambia basi tumia mtungi wa gesi tuipashe moto. Gesi imeisha! Jamani, gesi inatoka hapa hapa Mnazi Bay, bomba linaipeleka mpaka Dar es Salaam tangu 2015, mimi Mtwara naambiwa gesi imeisha. Najua si gesi ile ile. Niacheni nilalamike.

Siku ya tatu umeme ukarudi. Fundi akaweka nati juu ya kile kitumbua, akaichomelea ndani kwa ndani. Mimi mkono ushafika kwenye spana. "Nzee, usin'lazimishe," akanizuia. Akasubiri wekundu uishe, akagusisha kipande cha mshumaa shingoni pa bolti. Nta ikayeyuka, ikanywewa ndani kama mchanga unavyonyonya maji. Kisha akakaza. Nasema akakaza! Kidogo tu. Ikalia nyiii. Akalegeza, ikafuata. Yule mzee alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa, hata hakugeuka.

Pale ilipotoka bawaba nikasugua kwa brashi ya waya, nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikafuta kwa thina, nikaenda kulala na furaha yangu. Asubuhi kimeshapata rangi ya chai ya maziwa. Upepo wa Shangani hausubiri mtu. Nikaanza upya, na safari hii redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, nikaipaka saa ile ile.

Dukani kununua bolti mpya, kijana akanipa ya milimita nane. "Hii hii mzee, we lazimisha." Unene karibu sawa, uzi mbalimbali: yake uzi mpana, yangu mwembamba. Nimezunguka maduka manne. Hakuna.

Basi nikaisugua ile ile, na kofia yake ya nati kichwani, nikaipaka grisi, nikairudisha. Na sasa spana ya 13 inakaa barabara.

Mke wangu alikuwa mlangoni anaangalia. "Kwa hiyo wiki tatu umeitoa ili uirudishe?"

Nikakaza kimya kimya. Kichupa chenyewe bado sijakilipa.