Kadi Ninazo, Mchango Sina

Mke wangu ana swali moja analoniuliza kila Februari, na kila Februari sina jibu: "Baba Nasra, mchango wa harusi ya mtoto wa dada yako huna. Hela ya kununua picha za wanaume waliovaa suruali za kubana unaitoa wapi?"

Sasa hapo mtu ujibu nini? Nikisema si picha, ni kadi, nimejichongea. "Kadi ni ya kliniki, ya chama, au ya harusi," anasema. "Hizo zako unaingilia wapi?"

Siingilii popote. Ndilo tatizo lenyewe.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, nakaa Pittsburgh, Marekani, mwaka wa tisa huu. Nilikuja kutafuta, nipeleke nyumbani tofali moja moja mpaka nyumba isimame. Usiku nabeba maboksi ghalani, mchana nalala. Besiboli sikuijua hata kwa kusikia. Siku ya kwanza kuitazama nilidhani mchezo umesimama kwa sababu kuna mtu kaumia, nikawa namwonea huruma. Kumbe hakuna aliyeumia, ndiyo unaendelea.

Aliyenitia humo ni mwanangu Idi. Tulikwenda dukani kununua maziwa, akaomba pakiti moja ya kadi za wachezaji wa besiboli. Nikanunua, tukafungulia garini. Ile karatasi inavyochanika, ile harufu ya wino mpya, zile kadi zinavyoteleza... Idi akaangalia, akasema asante baba, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikabaki nimeshika usukani, moyo unanidunda kama niliyebeba magendo. Nikarudi dukani peke yangu. Maziwa nikayasahau juu ya paa la gari.

Ugonjwa huu nilikuwa nao tangu utoto, ulilala tu. Nyinyi mliokulia kwetu mnakumbuka vizibo vya soda, unabandua ile plastiki ya ndani kuona kama umeshinda baiskeli. Nimebandua vizibo vya mtaa mzima, nikiokota mpaka uani kwa watu kwenye shughuli. Sikushinda hata soda. Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nimepanda ndege, nimevuka bahari, nimekuja kubandua vizibo vya bei mbaya.

Tena hawa wenzetu wameipangia biashara kalenda kama ya kilimo. Februari inatoka Series 1 ya Topps, kampuni inayochapa kadi hizi, na ya 2025 ilikuwa na kadi 350. Unahangaika nayo, hujamaliza, inatoka Series 2. Hujakaa sawa, inakuja Update. Halafu kuna Chrome, ambayo ni mtu yuleyule, kofia ileile, meno yaleyale, ila safari hii anang'aa. Halafu zina rangi. Za dhahabu wanachapa idadi sawa na mwaka, kila moja na namba yake: kila mchezaji mwaka 2024 alikuwa nazo 2,024, mwaka 2025 akawa nazo 2,025. Yaani kila mwaka uadimu unapungua kwa kadi moja na bei haipungui hata senti.

Kinachotutoa roho ni chipukizi, yule anayeingia ligi kuu kwa mara ya kwanza. Tangu 2006 kadi yake inawekewa alama ya RC, yaani rookie card, kadi ya chipukizi, na hiyo ndiyo kila mtu anaitaka, maana bado hajaharibu. Hajaumia bega, hajakamatwa na polisi, hajauzwa timu mbovu. Unanunua ahadi. Na mimi ahadi nazijua! Kamati ya harusi ya mpwa wangu ina kundi la WhatsApp, na kila jioni mhazini anabandika orodha yenye safu tatu: jina, ahadi, alichotoa. Jina langu lina ahadi nzuri sana pale, imenona. Safu ya tatu ina kistari.

Ukitaka kujua kwa nini siachi, sikiliza hii. Tangu 2023 mchezaji anayecheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu anashonewa kiraka kwenye mkono wa jezi. Mechi ikiisha kiraka kinatolewa, kinatiwa ndani ya kadi, mwenyewe anaweka saini, na kadi hiyo inakuwa moja tu duniani. Basi tarehe 11 Mei 2024 akaingia Paul Skenes, mrusha mpira wa timu ya hapahapa kwetu Pittsburgh, kijana ana sharubu kama afisa forodha. Kiraka chake kikatiwa kwenye pakiti za Chrome Update mwishoni mwa mwaka huo. Nchi nzima ikachana karatasi. Timu yetu ya Pirates ikatangaza kwamba atakayekileta atapewa tiketi mbili za msimu mzima, nyuma kabisa ya mpigaji, kwa miaka 30.

Miaka thelathini! Mimi nikaanza kupiga hesabu nitakaa na nani. Nikanunua pakiti kwa pesa ya mafuta ya gari, nikaenda kazini kwa basi wiki mbili. Niliambulia nini? Mrushaji wa akiba mwenye ndevu. Jina simtaji, hajanikosea kitu, lakini huyu bwana ananifuata. Ninazo kadi zake saba. Nikifungua pakiti nahisi yuko mle ndani, ananisubiri, anataka kuniuliza habari za nyumbani.

Kiraka kikaangukia kwa mtoto wa miaka 11, Los Angeles, upande wa pili wa nchi. Na miaka thelathini ya tiketi wakaikataa! Wakaipeleka kadi mnadani, na Machi 2025 ikauzwa dola milioni moja na laki moja na ushee. Kiraka, jamani. Mimi nimesoma darasa la kwanza mpaka la nne na kaptula yenye viraka viwili nyuma, vya rangi tofauti na kaptula na vyenyewe havifanani. Nikiandika ubaoni darasa zima linasoma makalio yangu. Hakuna aliyenipa hata tiketi ya basi. Laiti mama angevitunza vile viraka, nami ningeweka saini.

Mji wenyewe huu una balaa la kadi. Honus Wagner, yule ambaye kadi yake ya enzi za pakiti za sigara, 1909 hivi, iliuzwa zaidi ya dola milioni saba mwaka 2022, alikuwa mchezaji wa Pirates. Sanamu yake iko nje ya uwanja. Nikipita na basi namwangalia, naye ananiangalia, tunaelewana kwamba hakuna kitu kati yetu.

Lakini iliyonikosesha usingizi mchana kutwa ni habari ya Topps wenyewe na kadi zao za 1952. Zile za mwisho mwisho zilidoda. Zikakaa stoo miaka, mpaka 1960 Sy Berger, ambaye ndiye aliyezibuni, akaona zinamjazia nafasi. Akazipakia kwenye tishari, akaenda kuzimwaga Bahari ya Atlantiki. Ndani ya lile rundo kulikuwa na Mickey Mantle, nyota wa enzi hizo, na mwaka 2022 kadi moja ya Mantle ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6. Mimi mtoto wa pwani. Bahari naijua, hairudishi karatasi. Hata hivyo nilitafuta bei ya miwani ya kuzamia.

Foleni nayo ni hadithi nyingine. Siku ya kutoka kadi mpya natoka kazini asubuhi, macho mekundu, naenda moja kwa moja kusimama mlangoni mwa duka. Nikidhani mimi ndiye wa kwanza, nakuta mzee yuko mbele yangu na kiti cha kukunja, chupa ya kahawa na mkewe. Sheria ni boksi mbili kwa mtu mmoja. Mkewe hajui besiboli, kaletwa awe boksi mbili. Nilimwambia Mama Nasra habari ya yule mama, mke mwenye upendo, anayesimama na mumewe kwenye baridi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchagua mchele.

Usicheke lakini. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa ya maduka ilisimamisha kuuza kadi hizi kote Marekani baada ya watu kupigana nje kwa ajili yake na mmoja kutoa bastola. Kwa karatasi. Kwetu watu wanapigania pilau, walau pilau inashibisha.

Siku moja, mwaka 2024, bahati ilinigusa. Nilipata Elly De La Cruz, kijana mrefu wa timu ya Cincinnati anayekimbia kama kaiba, kadi yake ya RC, nyororo, kona zote nne kali. Idi akasema, "Baba, usiishike! Ipeleke wakaipime." Kuna kampuni zinapima kadi kwa alama 1 hadi 10, wanaangalia kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kumi ikipatikana bei inaruka. Nikalipa dola 25, posta juu yangu. Nikasubiri kama anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

Ikarudi na nane.

Nikaichukua taa, nikachukua kioo cha kukuzia, nikatafuta kosa. Nikaliona: kwenye shavu la Elly kuna alama ya dole gumba, inang'aa. Ile pakiti niliifungua Ramadhani, mara tu baada ya adhana ya magharibi, sambusa mkono mmoja. Sasa kadi hiyo naweza kuiuza dola 15, ukitoa gharama nimemlipa mtu anithibitishie kwamba mimi mlafi.

Basi mwezi uliopita mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanga. Mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, nami mbele yake huwa sina neno zaidi ya shikamoo mama. Nilikuwa nimezificha kadi chini ya kitanda cha wageni, nimesahau kwamba mgeni ndiye yeye. Asubuhi nikarudi kazini, namkuta sebuleni, kadi elfu tatu zimetandazwa mkekani, wajukuu wamemzunguka.

"Baba Nasra," akasema, "hizi karata mbona hazina kopa wala jembe?"

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Akachukua mmoja mmoja. "Huyu ni nani yako?" Si ndugu yangu, mama. "Na huyu?" Huyu pia. Akafika kwa yule mrushaji wa akiba, akaona wako saba. "Hawa mapacha?"

Kisha akamshika Gift Ngoepe. Huyo nilimnunua mwenyewe, kwa bei ya soda mbili, sikutegemea pakiti. Wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu ya Marekani, na alianzia hapahapa Pirates, 2017. Mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga, akafika kituo cha kwanza. Mkwe akamtazama. "Huyu ana uso wa kwao," akasema, akamsimamisha juu ya runinga, karibu na picha ya marehemu baba mkwe. Yuko pale mpaka leo, na hakuna anayethubutu kumtoa.

Halafu akaufungua mkoba wake. "Nimeagizwa na dada yako nikupe hii." Kadi ya harusi ya mpwa wangu, iliyosafiri kutoka Tanga katikati ya kanga na paketi ya dagaa. Kamati ilikuwa imeniheshimu, kwa kadiri ya nilichotoa: juu kulia pamechapwa SINGLE.

Lakini chini yake nikaona tarakimu. Namba 041 kati ya 300.

Miaka yote hii, pakiti zote zile, sijawahi kupata kadi ya namba ndogo namna hii. Mikono ikaanza kunitetemeka. Nikaenda kuinawa kwa sabuni, nikaleta ile plastiki ngumu ya kuhifadhia kadi, nikaipeleka kadi kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi ya dhahabu hayajachubuka. Katikati imekaa, labda imesogea kushoto uzi mmoja. Ila kona ya chini kulia...

"Mama," nikasema, na Mama Nasra akaacha sufuria jikoni akaja mlangoni, "samahani sana. Hii kona umeikunja wewe, au imetoka hivihivi kiwandani?"