Tuachieni Watu wa Tana Kalenda Yetu ya Shule

Kalenda ya mihula imeanza kusambazwa tena kwenye makundi ya wazazi, na mimi kama kawaida nimekimbilia Aprili kwanza. Hakuna kilichobadilika. Likizo fupi, kisha muhula wa pili unafunguliwa masika ikiwa imekolea. Mzazi wa Nyeri akizisoma tarehe hizo anawaza karo na sare. Sisi wa huku chini Kaunti ya Tana River, Madogo, Hola, Garsen, tunawaza Mto Tana.

Mwaka 2024 sote tuliona mafuriko. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Wizara ikausogeza wiki moja dakika za mwisho, Rais akaahirisha tena bila kutaja siku, na mwishowe shule zikafunguliwa 13 Mei. Zilifunguliwa kwa wengine. Huku kwetu kuna madarasa yaliyokuwa bado makao ya waliohama vijiji vyao.

Nilipita kwenye shule moja ya msingi wakati ule. Darasa lilikuwa limegawanywa kwa leso, familia moja upande huu na nyingine upande ule. Sufuria zimepangwa juu ya madawati, mafiga yako chini ya ubao, na ubaoni bado zimeandikwa hesabu za kugawanya za muhula wa kwanza. Nyuma ya jengo vitabu vimeanikwa juani, kurasa zimegandana, na mwalimu anazibandua moja moja kwa kisu cha jikoni. Angemfukuza nani mle darasani? Ni wazazi wa wanafunzi wake wale wale.

Kinachoniuma zaidi ni mtihani. Mwisho wa mwaka mtoto wa Garsen na mtoto wa Thika wanakalia karatasi moja, siku moja, saa moja. Mmoja amesoma muhula wote, mwingine amepoteza wiki nyingi akilala kwenye tuta na mama yake. Matokeo yakitoka, kaunti yetu inaburura mkia na watu wanatuuliza kwa nini watoto wetu hawajitahidi. Wanajitahidi! Nimewaona wakivushwa kwa mtumbwi, mikoba kichwani, kwenda shule ambayo haina pa kukalia.

Na mtu asiniambie maji huja ghafla. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mabwawa yanajaa kuanzia Masinga hadi Kiambere, maji yanateremka, na mara nyingi mto unapanda huku kwetu jua linawaka. Bwawa likikaribia kufurika, tangazo hutolewa. Wazee wa Kipokomo wamelima kingo hizi vizazi na vizazi kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Mto unaojulikana kiasi hicho unashindwaje kuingia kwenye ratiba ya shule?

Ninachotaka ni kidogo. Mwaka 2024 likizo ya Aprili ilikuwa wiki mbili, ya Agosti wiki tatu, na Agosti huku ni kukavu. Ziunganishwe. Tufunge Aprili hadi katikati ya Mei, tusome Agosti, siku za masomo zibaki zile zile na mtihani ubaki pale pale. Turkana na Marsabit wana ukame wao, nao waulizwe.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwalimu ambaye watoto wake wanasoma kaunti nyingine atapishana nao likizo. Nakubali pia kuwa mpango huu haungetusaidia kwenye mafuriko ya Novemba 2023. Lakini hoja kwamba kalenda ya taifa haiguswi siikubali hata kidogo. Corona ilipofunga shule Machi 2020, mihula ilibanwa, mwaka mmoja wa masomo ukaanza Julai 2021, uliofuata ukaanza Aprili 2022, na Januari ikarudi 2023. Nchi nzima ilihama na kurudi. Sisi tunaomba wiki chache kwa kaunti chache.

Utabiri wa masika hutolewa kabla ya mvua kuanza. Wakati huo ndio wa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kuketi na walimu wakuu, machifu na wazee wa mto, wakubaliane tarehe ya kufunga na ya kufungua, na wawe na mamlaka ya kuitia sahihi bila kungoja simu kutoka Nairobi.