Kwani Ndoo Imefanya Nini?

Mwenzenu nina gari lenye sinki. Msicheke kwanza, nimalize. Ni Hiace iliyoshuka kutoka Japani na kitanda chake ndani, kabati lake, pazia lake, na sinki la bati ambalo halifiki ukubwa wa sufuria ya wali wa watu wanne. Chini ya sinki kuna dumu la lita ishirini, na kando ya dumu kuna pampu ndogo ya volti 12. Ukifungua bomba, presha inashuka, pampu inajiwasha yenyewe, krrrr, unanawa. Ukifunga, inanyamaza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku niliyolipa hela. Siku ya pili yake ikanyamaza jumla.

Wazo lenyewe halikuwa langu. Shemeji yangu wa Geita ndiye aliyekuja na hesabu: wageni wanaokwenda Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka watalikodi, watapika humo, watalala humo, na sisi tutakaa Mwanza tunahesabu. Shemeji ana hesabu nzuri sana pale hela inapokuwa ya mtu mwingine. Zamani akipiga simu "shemeji nakuja," nilikuwa na nafasi ya kujipanga, maana kivuko pale Busisi kilikuwa kinanishikia mgeni. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji, mtu anapiga simu yuko Sengerema na sijamaliza kuoga yuko mlangoni anauliza leo mboga gani. Daraja zuri, sikatai. Ila na mimi nilikuwa na faida zangu kwenye ile foleni ya kivuko.

Mke wangu, Mama Neema, alipoliona gari, alizunguka mara moja, akachungulia lile sinki, akauliza: "Kwani ndoo imefanya nini?"

Sikumjibu. Kuna maswali ukiyajibu unazidi kujichimbia.

Pampu ilipogoma nikaita fundi waya. Kaja na begi kama daktari wa zamu. Akachomoa waya za pampu, akaziwekea mita, akanionyesha kioo: 12.6. "Mzee, umeme huo hapo umekuja wote. Pampu ndiyo imekufa." Alivyolitamka hilo neno "imekufa" nilitaka kuvua kofia. Nikatoa laki na ishirini, ikanunuliwa pampu mpya, ikafungwa, tukafungua bomba. Kimya. Nikamuuliza, na hii nayo? Akatikisa kichwa: "Spea za siku hizi, mzee wangu." Akaondoka na hela yake ya ufundi, akaniachia maiti mbili.

Basi kuanzia hapo nyumba ikawa kama ya msiba, kila apitaye anaingia na neno lake. Wa kwanza akasema fyuzi. Fyuzi nilishaitazama, ya ampea 10, uzi wake mzima kabisa. Wa pili akasema, sawa ni nzima, lakini fyuzi "inabana umeme", niitoe niweke waya mnene pale pale, kazi kwisha. Huyo nilimsindikiza hadi getini kwa heshima zote. Fyuzi imewekwa dhaifu kwa makusudi, ili ikitokea shoti iungue yeye kabla waya haujaungua. Na huo waya unapita chini ya kitanda, na kitanda ni sponji. Mgeni amelipa aende kuwaona simba, sio achomwe kama mshikaki.

Bibi wa nyumba ya pili hakutoa ushauri, alisimama tu kwenye ua akamwita mke wangu: "Mayu, mumeo anatibu gari?"

Nikaamua kujitibia mwenyewe. Nikaingia chini ya sinki, kichwa ndani, miguu nje, nikaigonga pampu na spana. Ikasema krr! Mara moja tu. Nilipiga kelele watoto wote wa mtaa wakaja. Nikagonga tena, kimya. Tena, kimya. Nimeigonga ile pampu kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na haikunirudishia hata mguno. Huku nje, kutoka hapa kilimani kwangu, ziwa lote linaonekana, kilomita za mraba 68,000 na ushee, maji mpaka jicho linachoka. Na mimi nagombania kikombe kimoja.

Aliyenikomboa ni dogo wa kijiweni, dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini hivi mwenye kandambili za rangi mbili tofauti. Hakuja na mita. Kaja na taa ya mbele ya pikipiki, imekufa upande mmoja, upande wa pili inawaka, kaiunga nyaya mbili. Akaniambia, "Mzee, mita inadanganyika. Taa haidanganyiki."

Akachomeka nyaya za taa pale pale zilipokuwa za pampu. Ile taa ikatoa kimwanga chekundu, kama mkaa wa jana. Halafu waya mmoja akauacha kwenye chanya, ule wa pili akauvuta mpaka kwenye hasi ya betri yenyewe. Taa ikawaka mpaka tukafumba macho! "Chanya yako haina neno," akasema. "Hasi ndiyo inapotea njiani."

Tukaufuata ule waya mweusi kama watu wanaofuata nyayo za mwizi wa ng'ombe. Unapita nyuma ya kabati, unazama chini ya kapeti, unaibukia chini ya kitanda, na pale umekazwa na nati kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo njia ya hasi kurudi kwenye betri, pamoja na wenzake wawili. Dogo akamulika na simu. Bodi imekula kutu rangi ya mawese, shaba ya waya imeota ukungu wa kijani kama mkate uliosahaulika kabatini. Na juu yake, jamani, tone. Mpira wa dumu ulikuwa unavuja taratibu, maji yanatambaa chini ya kapeti yanakuja kuoga pale kwenye nati. Yaani maji ndiyo yaliyozuia maji!

Sasa hapo ndipo nilipoelewa ile mita ya laki na ishirini. Mita inahitaji umeme kidogo mno, kama hakuna. Huo unapenya hata kwenye kutu, na ukifika unasoma 12. Pampu inataka kama ampea tano hivi kwa mpigo. Ni kama vile vinjia vya Mabatini katikati ya mawe: mtu na kikapu chake anapita anaimba, lakini jaribu kupandisha kochi. Kutu yenye ukinzani wa omu moja tu, ampea tano zikipita zinapoteza volti tano, pampu inabaki na mabaki. Kidato cha tatu nilichapwa viboko kwa jambo hili hili. Wajerumani wametuachia jiwe la Bismarck pale ziwani tupigie picha, na mwenzao Georg Ohm akaacha sheria yake tangu 1827. Jiwe nalijua kwa kona zote. Sheria ndiyo imenigharimu pampu.

Dogo akafungua nati, akasugua na msasa mpaka bati likang'aa kama kisu kipya, akakata ncha ya waya iliyooza, akaunga upya, akakaza, akapaka grisi. Mpira wa dumu tukaubana. Nusu saa nzima, na humo ndani kuna dakika kumi za kumsubiri aende kumpeleka abiria Buzuruga. Nikafungua bomba: krrrrr, maji! Hata ile pampu ya kwanza, marehemu, tuliijaribu. Nzima kama mimi. Dogo akaomba elfu tano na soda. Nikampa, nikaongeza soda ya pili kwa furaha.

Jioni ile nilinawisha mtaa mzima. Watoto walipanga foleni, wengine walinawa mara tatu, dumu likaisha nikajaza tena. Mama Neema alipita na ndoo yake kichwani, hakusimama.

Saa nane usiku mlinzi wa duka la jirani akagonga dirisha. "Mzee. Mzee! Kuna mtu kwenye gari lako. Anakoroma."

Nikavaa msuli, nikachukua panga na tochi. Tukanyata. Kweli bwana, ndani ya gari: krrr. Kisha kimya. Tukatazamana. Mlinzi akanong'ona, "Anakoroma, halafu ananyamaza kama amekabwa. Tangu saa sita." Tukasubiri. Krrr. Kimya. Nikafungua mlango kwa nguvu, mlinzi akiwa tayari ameshafika kwenye kona ya mtaa.

Hakuna mtu. Bomba halikufungwa vizuri na mtoto wa mwisho. Linadondosha tone moja, tone jingine, presha inapungua kidogo kidogo, pampu inaamka, inasukuma, inalala. Nikafunga bomba, nikazima na swichi kubwa, nikarudi ndani kwa kunyata ili nisimwamshe mtu.

Nikajilaza. Nikavuta shuka. Giza totoro.

"Ndoo," sauti ikatoka upande wa ukutani, "haikoromi."