Mangi Kapitisha Sheria Kabla ya Dodoma

Jamani, wageni wako sebuleni, nimetumwa soda tatu. Natoa elfu mbili na mia moja, hesabu ya jana. Mangi, mwenye duka, anazisukuma hela zirudi kwenye wavu.

"Elfu mbili mia nne, mzee. Bajeti imesomwa."

Imesomwa saa kumi! Sasa ni saa kumi na mbili, Waziri hata jasho hajafuta.

Nikajishika kiuno. Leo nimsomeshe. "Mangi, hayo ni mapendekezo. Kuna Muswada wa Sheria ya Fedha. Unasomwa mara ya kwanza bila mjadala. Unakwenda kwenye kamati, wadau wanaitwa waseme yao. Unarudi mara ya pili, wabunge wanachangia. Kisha Bunge zima linakaa kama kamati, kifungu kwa kifungu, mwenye marekebisho analeta jedwali lake. Mara ya tatu. Halafu Rais asaini. Mwaka wa fedha wenyewe unaanza 1 Julai!"

"Umemaliza kuchangia?" akaniuliza. "Huu wangu umekuja kwa hati ya dharura." Akawageukia bodaboda waliokalia kreti. "Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Nikasema siyo, peke yangu, sauti ikaniishia kooni.

"Walioafiki wameshinda." Akagonga kaunta kwa jiwe la mizani.

Nani angempinga? Kila mmoja pale ana ukurasa kwenye daftari lake la madeni. Mimi ninazo mbili.

Na wala si mia hiyo ya kila soda inayoniuma. Mwaka fulani kodi ilipotangazwa kupungua, nilimkimbilia huyuhuyu. "Tulia mzee, Rais hajasaini." Aliposaini: "Huu mzigo wa zamani." Mzigo wa zamani gani hauishi? Mbona wa kupanda bei huisha usiku mmoja? Niambieni!

Konda wa daladala naye ni walewale. Mwenye nyumba sitaki hata kumtaja.

Basi nikatoa elfu mbili mia tano. Chenji ya mia, pipi. Hii pipi kuwa hela ilisomwa lini mara ya kwanza, kamati gani ilikaa? Tena siyo ya mnanaa, ni ile inayong'ang'ania jino bovu. Nafika nyumbani nalamba meno, wageni wanasema maji tu yanatosha, mmoja ana sukari.