Nazi Zi Ngapi?

Adhana ya alasiri ikishapita, hujikuta nimesimama mlangoni mwa jiko nikijiuliza lile lile la jana: usiku huu tupike nini? Watoto wangali chuoni kwa Kurani, mume wangu yuko kwenye boti lake baina ya Lamu na Mokowe, na mavyaa wangu amejinyoosha ukumbini na tasbihi mkononi. Tu watu saba nyumbani. Mchana kila mmoja hula alipo. Usiku ndipo tukutanapo, na kwangu mimi hicho chakula cha usiku ndicho kinachoifanya hii kuwa nyumba. Kwa hivyo sikubali mtu aniambie kwamba kuwaza cha kupika ni jambo dogo.

Zamani nilikuwa nikiwauliza wenyewe. Nikimpigia simu mume wangu, hujibu, "Chochote, mke wangu." Nikimuuliza binti yangu mkubwa, naye husema chochote. Najua hawana nia mbaya. Lakini anayesema chochote amekurudishia mzigo wote begani, na mchuzi ukitoka sio aliokuwa akiutamani, utauona uso wake kwenye sinia. Niliacha kuwauliza. Jambo lililonifanya niandike leo ni jingine, nalo ni neno tunalolipenda sana hapa kwetu: kitoweo.

Chakula cha Mwamu, yaani mtu wa Lamu, kina wali au mkate, na kando yake kitoweo. Na tukisema kitoweo twamaanisha samaki. Nyama ni kitoweo pia ikipatikana, na kuku ni wa wageni. Mchicha hubaki kuwa mboga, na mbaazi hubaki kuwa mbaazi. Huliwa asubuhi na mahamri, nani aziweke mbele ya mumewe usiku? Mtoto akifunua sufuria akakuta kunde, husema kwa sauti, "Leo hatuna kitoweo!" Nyumba zetu huku mtaa wa Langoni zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kichochoro ni cha kupita punda mmoja. Jirani amesikia. Mama wa nyumba huinamisha kichwa kana kwamba amefanya kosa.

Haya hiyo naijua vizuri, kwa sababu iliwahi kunigharimu.

Upepo wa kusi huanza kuingia Aprili, na kati ya Juni na Agosti huwa umekaza. Bahari ya nje huchafuka, na wenye mashua ndogo hawatoki kupita kijiji cha Shela kuelekea mawimbi makubwa. Hubaki ndani, kwenye mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko, wakitega nyavu. Hurudi na tafi, mkizi, mara nyingine kaa. Sokoni, pale kando ya Gereza, ile ngome ya kale, meza hubaki na samaki wachache na wanunuzi wengi. Na wale wakubwa wachache wanaopatikana hutiwa barafu na wachuuzi wa jumla, wakapelekwa Malindi na Mombasa kwenye bei nzuri zaidi. Wiki iliyopita niliulizia kilo moja ya changu. Kwa pesa nilizotajiwa ningenunua nazi za wiki nzima, zikabaki na za mchicha.

Wala si upepo peke yake. Kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku hapa kwa sababu za usalama, na kila mtu wa pwani ajua kwamba kuna samaki wa usiku na samaki wa mchana. Kisha ukaja ujenzi wa bandari mpya, na wavuvi wakapoteza maeneo waliyoyazoea tangu enzi za babu zao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nayataja haya ili mama aliyeketi mbele ya jiko lisilo na samaki aelewe kwamba si uzembe wake. Mambo makubwa kuliko sufuria yake yameingia kati ya bahari na meza ya soko.

Mimi sikuyaelewa hivyo wakati huo. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Julai, niliamua kwamba nyumba yangu haitakosa kitoweo hata usiku mmoja. Mchuuzi aliyetuzoea akakubali kuniandikia kwenye daftari. Leo nusu kilo ya changu, kesho tafi wanne, kesho kutwa pweza. Sikumwambia mtu. Wahenga wamesema kukopa harusi, kulipa matanga, nami matanga yangu yalikuja mwisho wa mwezi, mchuuzi alipobisha hodi mchana nikidhani niko peke yangu. Deni lile nililipa kwa kibubu cha watoto, pesa tulizokuwa tukiweka kidogo kidogo kwa nguo za Idi. Nilikivunja kwa mchi wa kinu, nikihesabu sarafu sakafuni huku nikisikiliza mlango usije ukafunguliwa.

Mavyaa alikuwa ndani. Aliiona ile kazi yote, hakusema neno. Jioni ile alikuja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaniuliza kwa Kiamu chake: "Nazi zi ngapi?"

Nikamwambia ziko mbili. Akasema, "Basi yeo mwala vyema." Yaani leo mtakula vizuri. Hakuuliza kitoweo. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na sikuwahi kutambua kwamba huyu mama, aliyezaliwa Matondoni kwenye kijiji cha mafundi wa majahazi, akalea watoto sita kwa kusi na kwa kaskazi, hakuwa akianza na samaki hata siku moja. Alianza na nazi. Samaki akija, aliingia kwenye tui. Asipokuja, tui lilikuwapo bado, likingoja kitu kingine.

Hiyo ndiyo rai yangu, na tangu usiku ule sijaiacha: anayetaka kujua apike nini aanze kuhesabu nazi, kitoweo kitafuata.

Nazi huondoa wasiwasi kwa namna ambayo samaki hawezi. Ikiwa na ganda lake hukaa siku nyingi pembeni mwa jiko bila barafu wala umeme, na twajua umeme wetu. Lakini ukishaivunja na kuikuna, haingoji. Tui lililolala huchacha. Kwa hivyo ukishaketi kwenye mbuzi, umeshaamua, hakuna tena kurudi nyuma, na moyo hutulia. Watoto wangu wakisikia mbuzi yakwaruza hawaulizi tena. Wajua kuna jambo laja.

Niwaambie mavyaa alivyonifunza, kwa maana naona wasichana wengi siku hizi hununua tui la pakiti na hawajui walichokikosa. Nazi itikise kwanza, usikie maji yacheza ndani. Ikiwa kimya, iache dukani. Nazi iliyokunwa itie maji ya vuguvugu kidogo sana, kiganja tu, uikamue kwa kifumbu. Hilo ni tui la kwanza, zito, liweke kando ulifunike. Ongeza maji, kamua tena: tui la pili, la kupikia. Ongeza tena: la tatu, jepesi, la kuchemshia vitu vigumu. Nazi moja yakupa vitu vitatu, na kila kimoja kina zamu yake. Anayemimina vyote pamoja kwa haraka amepoteza ladha na hajaokoa muda. Machicha yanayobaki wape kuku.

Mbaazi huziroweka tangu asubuhi. Nazichemsha hadi zipondeke kwa vidole, natia tui la pili na kitunguu, pilipili moja mbichi isiyokatwa, chumvi, bizari ya manjano kidogo. Tui zito huja mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo siondoki. Nakoroga polepole kwa upawa kuelekea upande mmoja ili tui lisikatike. Zikishika, zikawa nzito na zang'aa juu, naepua. Mwambieni aliyekula mbaazi hizo kwa mkate wa mofa wa moto kwamba hakuna kitoweo, muone atawajibu nini. Mofa sioki mwenyewe. Nyuma yetu kuna mama mmoja anayeoka jioni, na kumtuma mtoto kwake kwaniokolea saa nzima na makaa.

Usiku mwingine ni muhogo. Usiku mwingine ndizi mbichi, au biringani zilizochomwa kwanza kwenye makaa zikamenywa. Au kunde, ambazo mavyaa huzitia kipande cha ng'onda, samaki mkavu, kisichozidi kiganja cha mtoto. Kipande hicho hakimshibishi mtu, lakini harufu yake huenea sufuria nzima, na embe mbichi mbili tatu hukata ule uzito wa tui. Hapo samaki yupo na hayupo. Naona huo ni ustadi mkubwa kuliko kukaanga kilo nzima, maana kukaanga kila mtu aweza. Mboga nyingi hutufikia kwa boti kutoka bara, Hindi na Mpeketoni, na kusi inapochafua bahari ya nje, mkondo wa Mokowe bado wavukika. Kwa hivyo wakati samaki ni haba, mchicha na muhogo kwa kawaida vipo.

Najua nitakalojibiwa. Sisi ni watu wa bahari, samaki ndiye sisi. Ni kweli, nami nampenda samaki kuliko wengi. Kaskazi ikiingia, bahari ikalala, kolekole na nguru wakajaa mezani hadi bei ikashuka, mimi ndiye wa kwanza kufika sokoni, na siku hizo nampaka samaki tui na ukwaju, namchoma juu ya makaa nikimgeuza na kumpaka tena, na sikumbuki hata kama kuna kitu kiitwacho kunde. Watoto wahitaji samaki, sibishi. Ninachokataa ni kumtaka Julai kama Januari, na kumtaka kwa deni. Babu zetu waliokuwa wavuvi waliujua msimu. Hawakuona haya kula muhogo wakati wa kusi. Haya hii ni yetu sisi, na sijui tumeiokota wapi.

Wengine husema nazi kila siku ni nzito kwa wenye presha na wazee. Hilo nalikubali bila ubishi. Mavyaa mwenyewe ameambiwa apunguze mafuta na chumvi, kwa hivyo sehemu yake naitoa kabla ya kutia tui zito, imepikwa kwa tui la tatu pekee, na naiongezea ndimu. Wala si lazima nazi iwe kila usiku. Siku nyingine ni chapati na chai ya maziwa na kila mtu analala salama. Nasema pa kuanzia tu.

Na nina neno kwa wanaume wa mji huu, kwa heshima. Mkipita sokoni jioni na kurudi Mkomani au Langoni kwa miguu, mtu akiwauliza mmebeba nini, msione mmepunguka kwa kujibu nazi na mchicha. Mke akiona mumewe anaona haya, naye ataona haya, na haya hiyo humpeleka kwenye daftari la mchuuzi. Mume wangu nilimweleza habari ya kibubu mwaka mmoja baadaye. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake alirudi kutoka Mokowe na gunia la nazi begani, akalipitisha Ndia Kuu, njia kuu ya mji, mchana kweupe, akalitua uani. Tangu hapo kuzifua ni kazi yake, na akizimaliza hunitangazia zimebaki ngapi.

Leo ziko tatu. Muhogo ulikuja jana, nimeshaumenya na kuutoa mizizi ya katikati, umo kwenye tui la tatu wachemka. Nina kitunguu, nina pilipili, na ndimu moja. Binti yangu ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi ya pili, mavyaa amevuta kigoda karibu naye, na ameshamwambia mara mbili asikune hadi kwenye ile nyama ya kahawia iliyoshikana na kifuu, asije akatia tui rangi.