Klabu ya habari siyo ofisi ya matangazo ya mkuu wa shule

Najua hii itawaudhi baadhi ya walimu walezi na najua mpo, ila nitasema tu. Magazeti mengi ya shule hayana habari. Yawe ya ukutani, ya kuchapishwa au haya ya siku hizi ya kwenye simu, ni yale yale, nasaha za mkuu wa shule ukurasa wa kwanza, picha ya mgeni rasmi akikata utepe, shairi la kumsifu mwalimu fulani, vichekesho viwili vilivyokopiwa intaneti na mwisho orodha ya waliofaulu. Sasa hapo mwandishi kaandika nini? Huyo ni mbandika karatasi tu.

Naongea hivi kwa sababu na mimi nilikuwa humo humo. Sekondari nilijiunga klabu ya habari siyo kwa mapenzi yoyote, nilitolewa kwenye mdahalo maana nilikuwa naongea sana halafu hoja sina (mnaonijua msicheke), na siku ya klabu lazima kila mtu awe na pa kukaa, basi nikaenda kukaa kule nyuma na watu wa gazeti. Miezi miwili ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kunakili hotuba kwa mwandiko mzuri, kuchora maua pembeni na kupaka gundi. Watu wanapita, hasimami mtu. Akisimama mmoja ujue katafuta jina lake.

Halafu siku hiyo dada mmoja wa madarasa ya juu akaingia amekasirika, wala hakuwa mwanachama, akasema nyie watu wa gazeti mbona hamuandiki kwamba maktaba inafungwa saa kumi na vipindi vinaisha saa kumi, sasa sisi vitabu tunavisoma saa ngapi? Kimya. Tulikuwa tumekaa pale tunabishana rangi ya kichwa cha habari za mahafali, na stori imetufuata yenyewe mpaka mlangoni.

Tukaamua kuifanya. Wiki nzima tulipokezana kusimama mlango wa maktaba wakati wa mapumziko tunahesabu wanaoingia, na saa kumi tunahesabu wanaofika wakakuta kufuli. Tukamuuliza mtunza maktaba, akasema yeye anatakiwa arudishe funguo ofisini kabla ya kuondoka. Ofisini tukauliza nani alipanga hivyo, kila mtu akamwangalia mwenzake, hakuna aliyejua, ni utaratibu tu ulikutwa upo. Makala yenyewe ilikuwa nusu ukurasa, haina hata tamathali moja ya semi, na ile siku tuliyoibandika watu walisukumana pale ukutani mpaka kiranja akaja kuwapanga.

Na tulikosea pia, nisijifanye. Tuliandika siku tano wakati tulihesabu nne, ya tano ilikuwa na mtihani na maktaba haikufunguliwa kabisa. Mtunza maktaba ndiye aliyegundua, akaja ametukasirikia vibaya mno, na alikuwa na haki. Tukabandika masahihisho chini ya makala, tumeandika kabisa kwamba tulikosea hapa na ukweli ni huu. Ile aibu ilinifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kukaa baadaye, mpaka leo nikiandika namba mkono unasita kwanza. Siku ya tatu tukakuta makala imebanduliwa. Nani kabandua, hatukuambiwa. Muhula uliofuata maktaba ikawa inafungwa saa kumi na moja, hilo nalo hatukuambiwa kwa nini.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanafunzi hawana cha kuandika nashangaa sana, maana shule imejaa klabu na kila klabu ni stori inayosubiri mtu wa kuuliza. Chukua klabu ya mazingira, kila mwaka wanapanda miti, kila mwaka picha, mkuu kashika jembe, gazeti linaandika miti imepandwa. Sawa. Ya mwaka jana mingapi iko hai? Nani aliimwagilia likizo? Hapo una makala, na ukikuta imekufa yote siyo lazima iwe ya kumchoma mtu, huenda utakuta udongo mbaya au waliipanda mwanzo wa kiangazi ili iwahi siku ya mgeni. Au mdahalo, acheni kuandika "timu yetu iliibuka na ushindi wa kishindo", niambie ni hoja ipi iliwageuza waamuzi na upande wa pili walijikwaa wapi, maana mimi sikuwepo ukumbini na ndo maana nasoma. Michango ya klabu je, inakusanywa na nani, inatumika vipi? Swali hilo moja tu likiulizwa kwa adabu na daftari mkononi wahasibu wote wa klabu wataanza kutunza risiti.

Sasa turudi kwa mwalimu mlezi. Shida ya walezi wengi siyo ubaya, ni woga, na woga wenyewe unaeleweka, yeye ana ajira pale, wewe unamaliza masomo unaondoka. Ila kuna maswali mawili mlezi anaweza kukuuliza ukimpelekea makala. Moja ni "mkuu ataionaje hii?" na lingine ni "umejuaje?" Klabu iliyolelewa na swali la kwanza itazalisha maua ya pembeni mpaka mwisho wa dunia. Ya swali la pili ndiyo inazalisha waandishi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Marekani, mji wa Pittsburg kule Kansas, mwaka 2017. Shule ilikuwa imeajiri mkuu mpya, wanafunzi wa gazeti la shule wakataka kumuandikia makala ya kawaida ya kumkaribisha, kitu cha heri kabisa. Wakawa wanaangalia elimu yake, wakakuta chuo alichosema kampatia shahada za juu hakieleweki, wakachimba, wakamhoji, majibu hayakukaa sawa, wakachapisha. Siku chache baadaye yule mama akajiuzulu kabla hata hajaanza kazi. Watoto wa sekondari hao, wakati watu wazima waliomuajiri hawakuona. Na kinachonifurahisha zaidi ni mlezi wao, alikuwa amekaa kwenye kamati iliyomhoji huyo mama wakati wa kuajiriwa, basi akajiweka pembeni kwenye ile stori, wakasaidiwa na watu wengine wa fani. Jimbo lile pia lina sheria ya kuwalinda waandishi wa shule tangu 1992, siyo kwamba walikuwa majasiri hewani tu.

Maana nchi hiyo hiyo ina kisa cha kinyume. Mwaka 1983 mkuu wa shule ya Hazelwood East, Missouri, alizitoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi kabla halijachapishwa, sababu makala ya wanafunzi waliopata mimba na nyingine ya watoto ambao wazazi wao wameachana. Wanafunzi wakaenda mahakamani, ikafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na 1988 wakashindwa, majaji 5 kwa 3. Hoja mojawapo ya mkuu ilikuwa kwamba wale wasichana watatambulika hata majina yakibadilishwa. Na hapa mnishangae kidogo, hiyo hoja mimi naielewa. Shuleni watu wote wanajuana, ukiandika "mwanafunzi mmoja wa darasa fulani aliyekaa nyumbani muhula mzima" umeshamtaja. Ila dawa yake ni kukaa na mwandishi mkakata sentensi tatu, au mkarudi kwa mhusika kumuuliza tena, na siyo kung'oa kurasa mbili nzima na makala nyingine zilizokuwamo zikaenda na maji.

Ndo maana siwezi kuungana na wanaosema wanafunzi waachiwe waandike chochote. Umbea wa bwenini siyo habari, na adhabu aliyopewa mtoto mwenzako haikuhusu, huyo ataishi na hicho kipande muda mrefu kuliko wewe, hasa siku hizi ambapo picha ya gazeti la ukutani inapigwa na simu na kuzunguka magrupu yote kabla ya chakula cha jioni. Mlezi azuie hapo, nampigia makofi. Lakini saa za maktaba, foleni ya bwalo, mabomba yasiyotoa maji, miti iliyokufa, hapo anazuia nini?

Halafu hii tabia ya kumfanya edita kuwa yule mwenye wastani mkubwa darasani nayo iishe, edita bora tuliyewahi kuwa naye alikuwa anashika mkia kwenye hesabu ila ukimpelekea sentensi isiyo na mwenyewe anakurudisha ukaulize. "Inasemekana na nani?" Alikuwa anasema hivyo tu, hakuinulii hata macho, na wewe unageuka unarudi zako kwa mtunza maktaba.