Ukinzani wa Hegel: uko kwenye vitu au kwenye vichwa vyetu?

Mwaka 1813, katika sehemu ya pili ya Sayansi ya Mantiki, mwanafalsafa Mjerumani Hegel aliandika kwamba kitu hakisogei kwa kuwa sasa kipo hapa na baadaye kipo pale. Kinasogea kwa kuwa, katika sasa ileile, kipo hapa na hakipo hapa. Aliyefunzwa mantiki rasmi, ile ya alama, iliyoanza na mwanahisabati Mjerumani Frege mwaka 1879 akisoma hivyo hufunga kitabu, na ana haki yake. Chukua kauli yoyote P na kanusho lake, si-P, kwa pamoja; huo ndio ukinzani. Kati ya hizo shika P kwanza. Kutokana na P pekee unaruhusiwa kusema "P au Q", Q ikiwa kauli yoyote uitakayo. Rudi ukashike si-P: P haipo. Kinachobaki ni Q. Kwa hatua hizo chache umethibitisha kwamba Kilimanjaro ni kisiwa.

Mwanafalsafa Mwingereza Russell, mwaka 1914, alitafuta kosa mahali pepesi zaidi. Alidai Hegel alichanganya kazi mbili za neno la Kijerumani "ist", yaani "ni": ya kusifu, kama "Sokrate ni mfu mtarajiwa", na ya kutambulisha, kama "Sokrate ni yule aliyekunywa sumu". Msemaji wa Kiswahili anaweza kulipima dai hilo bila kwenda mbali. "Ni" yetu nayo hubeba kazi zote mbili ("Juma ni mwalimu", "Juma ni yule pale") na hatujapata kuchanganyikiwa kwa sababu hiyo. Tena sentensi ya mwendo, ukiisema kwa Kiswahili, haina "ni" hata moja. Ina "kipo" na "hakipo". Ufunguo wa Russell haufungui kufuli hili.

Mwanamantiki Graham Priest, anayeshika kwamba Hegel alimaanisha ukinzani halisi, alichukua njia ya kijasiri. Katika mfumo wake wa 1979, unaojulikana kwa herufi LP, kauli inaweza kuwa kweli tu, uongo tu, au vyote viwili. Hoja ni halali ikiwa haituvushi kutoka kauli zenye ukweli ndani yake kwenda kwenye uongo mtupu. Sasa rudia hatua za juu: P iwe vyote viwili, Q iwe uongo tu. "P au Q" inapita, si-P inapita, Q haipiti. Hatua ya mwisho imekatika na Kilimanjaro imebaki mlima. Gharama yake ni hii: ukiitafsiri "ikiwa P, basi Q" kama "si-P au Q", hata hoja ya kawaida ya kutoka P kwenda Q inaanguka. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii: kanuni ya "si kweli kwamba P na si-P" inabaki halali ndani ya LP. Haijafutwa, imepoteza meno tu.

Ushahidi wa kimaandishi unampendelea Priest. Kant, mwanafalsafa aliyemtangulia Hegel, alipokutana na kinzani zake nne za akili (jozi za kauli zinazopingana kuhusu dunia) mwaka 1781, alihitimisha kwamba kasoro iko katika akili inayovuka mipaka yake, na dunia haina doa. Hegel alimkejeli: huko ni kuvionea huruma mno vitu vya dunia. Anayesema Hegel hakumaanisha ukinzani halisi hana budi kueleza kejeli hiyo, na sijaona maelezo yanayoridhisha.

Ila LP imetulia mno. Kauli ikishakuwa vyote viwili, hakuna kinachoilazimisha kwenda popote. Kwa Hegel, Kuwa kutupu na Utupu, dhana mbili zinazoanzisha Mantiki yake, vikigeukiana hatubaki hapo. Tunasukumwa kwenye Kugeuka. Priest ameihifadhi sentensi ya Hegel na kuipoteza safari yake.

Mwanafalsafa Robert Brandom wa Pittsburgh, naye msomaji wa Hegel, anaanzia kwenye kutopatana kwa maana zenyewe. "Ni mamalia" inafuata kutoka "ni twiga" kwa sababu kila kisichopatana na kuwa mamalia hakipatani na kuwa twiga. Kanusho la P ni kile cha chini kabisa kinachotokana na kila kisichopatana na P. Ukijenga kwa matofali hayo unapata mantiki ya kauli ya kawaida kabisa na, kwa "lazima" na "yawezekana", S5, mfumo mmoja unaojulikana wa mantiki ya ulazima na uwezekano. Udhaifu upo: alianza kwa kudhani kwamba fungu la kauli zisizopatana haliponi kwa kuongezewa kauli. Dhana hiyo inafanya kila hitimisho lidumu, ilhali hoja za kila siku hutenguka: kiberiti kikavu kikikwaruzwa kitawaka, isipokuwa hakuna hewa. Kazi zake za baadaye zimeiacha.

Nachukua upande wa Brandom, hasa kwa mfano wake wa fimbo majini. Unaiona imepinda, unaivuta nje, imenyooka. Fimbo moja haiwezi kuwa hivyo viwili, lakini mtu mmoja anaweza kuvisadiki vyote viwili, na hapo anawajibika kuacha kimoja. Wajibu huo ndio mwendo ambao LP haina. Deni lake ni kwamba ukinzani umerudishwa kwa mtu, palepale Kant alipouweka. Tena jedwali la visivyopatana linakwambia huwezi kushika vyote. Kwamba cha kuacha ni kupinda, na kwamba maji ndiyo yaliyodanganya jicho, hilo unalipata kwa kujua nuru inavyopinda inapotoka majini, na hakuna herufi ya P wala Q inayolijua.